Jina la Ng'ang'a Si Hatari: Maandishi Yaonyeshwe Kama Maandishi

Kama unauza mtandaoni, huenda tovuti yako inamkataa Ng'ang'a. Anajaza fomu ya oda, anabonyeza kutuma, anaambiwa jina lake lina alama zisizoruhusiwa. Ndung'u naye vivyo hivyo. Mwenye bucha hawezi hata kuandika "nyama ya ng'ombe" kwenye orodha ya bidhaa zake. Ukimuuliza fundi wa tovuti, atakwambia ni mambo ya usalama: ile alama ndogo ya ng' inaweza kutumiwa na wadukuzi.

Msimamo wetu ni huu: hapo mteja anasumbuliwa bure, na mlango bado uko wazi. Maandishi ya mteja yapokelewe jinsi alivyoyaandika, kisha yaonyeshwe kama maandishi matupu. Hata kama alichoandika ni msimbo wa programu, kila herufi yake ionekane kwenye ukurasa na isifanye kazi yoyote.

Hatari iko wapi?

Ukurasa wa tovuti ni maagizo na maneno yaliyochanganywa pamoja. Kivinjari, iwe ni Chrome au Firefox, hutenganisha agizo na neno kwa alama chache tu. Kubwa ni <, ambayo huanzisha agizo. Kivinjari hakijui nani aliandika nini. Kikikuta alama hiyo ikifuatwa na agizo kinalolijua, kinatii, hata kama aliyeliandika ni mtu baki.

Sasa chukua duka lenye nafasi ya "maelezo ya kupeleka mzigo". Wengi wataandika "acha kwa soja pale geti". Mmoja mwenye nia mbaya ataandika msimbo wa JavaScript. Asubuhi karani anafungua orodha ya oda, akiwa ameingia kwa akaunti ya duka. Kama tovuti inayamwaga maelezo yale kwenye ukurasa jinsi yalivyo, msimbo unaanza kufanya kazi ndani ya kivinjari cha karani, kwa ruhusa za karani. Anachoweza kufanya yeye pale, nao unaweza: kusoma majina na nambari za simu za wateja, kushusha bei, au kubadilisha nambari ya till ambayo wanunuzi wanaonyeshwa. Pesa zinaenda kwingine, na hakuna PIN ya mtu iliyoibwa.

Kukataza maneno hakutoshi

Kuna wale husema: basi tuzuie tu yale maneno mabaya. Hilo lilijaribiwa na wakubwa. Mwaka 2005, mtandao wa MySpace huko Marekani uliwaruhusu watu kupamba kurasa zao kwa HTML, lakini ukawa unachuja maneno hatari, likiwemo neno "javascript". Kijana mmoja, Samy Kamkar, akalikata neno hilo katikati na kulipeleka nusu kwenye mstari wa pili. Kichujio hakikulitambua, lakini baadhi ya vivinjari viliunganisha nusu hizo na kutii. Kila aliyetazama ukurasa wa Samy alimwongeza kuwa rafiki bila kujua, na msimbo ukajinakili kwenye ukurasa wake pia. Katika muda usiofika siku nzima, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamepatikana.

Anayechuja lazima akumbuke kila hila, na mshambuliaji anahitaji hila moja tu aliyoisahau. Wakati huohuo Ng'ang'a bado yuko nje anabisha hodi.

Hatusemi fomu isikague chochote. Nambari ya simu iwe tarakimu, na kiasi cha pesa kiwe nambari. Lakini jina la mtu, jina la biashara na maelezo ya oda ni lugha, na lugha ina alama zake.

Dawa yenyewe ni ndogo

Pale maandishi yanapoonyeshwa, alama 5 hubadilishwa: <, >, &, alama ya kunukuu na ile ya ng'. Kwa mfano, badala ya < huandikwa & ikifuatwa na herufi lt na nukta mkato. Kivinjari kikisoma hivyo, kinachora < kwenye skrini na kuishia hapo. Alama ya & ibadilishwe kwanza, la sivyo itaharibu zile nyingine. Na kazi hii ifanywe mara moja tu. Ikifanywa mara 2, duka la "Wanjiku & Wanawe" litaonekana likiwa na "amp" katikati ya jina.

Fundi wako hana haja ya kubuni kitu. PHP ina htmlspecialchars, na WordPress ina esc_html. Django, React na Blade ya Laravel hufanya hivyo zenyewe msipozizima. Kwenye JavaScript, atumie textContent badala ya innerHTML. Muulize swali moja: kuna mahali popote ulipozima kinga hii, na kwa nini? Muulize pia kuhusu maandishi ya mteja yanayowekwa ndani ya msimbo au kwenye anwani ya kiungo. Hizo zina kanuni zake, na kubadilisha alama 5 pekee hakutoshi huko.

Wanaoandika maelekezo ya kuunganisha tovuti na malipo, hili linawahusu pia. Ukibandika mfano wa msimbo bila kubadilisha alama, kivinjari kinameza baadhi ya mistari, na msomaji ananakili mfano wenye mapengo. Kuuweka ndani ya agizo la pre hakusaidii upande huo: pre hutunza nafasi na mistari tu, na < inabaki na nguvu zake zote.

"Si ni duka dogo tu?"

Tunalisikia sana hili. Lakini wanaotafuta matundu hawapiti duka kwa duka wakiangalia nani ana mali. Wanatumia programu zinazojaza fomu zenyewe, na kwa programu duka la mitumba na duka kubwa la jijini ni fomu tu. Tena dogo ndilo huumia zaidi, kwa sababu mauzo ya siku moja yakienda kwenye till ya mtu mwingine, kesho hakuna pesa ya kuleta mzigo mpya.

Kwa hivyo fungua tovuti yako leo, yako mwenyewe na si ya jirani, na ujiwekee oda. Kwenye maelezo andika: Wanjiku & Wanawe <b>nyama ya ng'ombe</b>. Kisha itazame oda hiyo kama karani anavyoiona. Ukiona kila alama jinsi ulivyoiandika, hapo pako sawa. Rudia kwa kila nafasi nyingine ambayo mteja huandika. Maneno yakiwa meusi mazito na zile alama zimetoweka, tovuti yako inatii maagizo ya wageni: mpigie fundi kabla hujafunga duka. Na oda ikikataliwa, mpigie pia, kwa sababu kuna wateja wanaogeuzwa mlangoni na hujui.

Nawe mnunuzi, usiamini nambari ya till kwa kuwa tu imeandikwa kwenye tovuti unayoijua. Soma jina la biashara linalojitokeza kwenye simu kabla ya malipo kukamilika. Jina likiwa geni, katisha malipo, kisha mpigie mwenye duka umuulize.