Ujanja wa jana, mzigo wa leo

Leo naungama: kuna fanksheni moja ya C niliyoiandika na kuionea fahari kupita kiasi.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu biti zenye 1 ndani ya namba. Nilitumia jedwali la majibu 256 yaliyokwisha kuandaliwa. Mwenzangu kazini alipotaka kuirekebisha, alikaa nayo siku mbili bila kuielewa. Nikamwambia, "Usiiguse, hiyo ni ya kasi."

Nilipoipima hatimaye, niliona haya. Prosesa za Intel za kizazi cha Nehalem, zilizotoka mwaka 2008, zina amri ya POPCNT inayofanya kazi hiyo yote kwa mpigo. Nikafuta jedwali, nikairuhusu kompaila itumie amri hiyo, na programu ikaenda kasi zaidi. Lakini hata ushindi huo una masharti: ukiipeleka programu hiyo kwenye tarakilishi kuukuu isiyoijua POPCNT, inakufa papo hapo.

Jambo hili si geni. Chuoni tulikariri kwamba ukitaka kuzidisha kwa 2, sogeza biti kushoto. Basi zikaja Pentium 4 mwaka 2000. Kwenye zile za mwanzo, kusogeza biti kulichukua mapigo 4 ya saa, ilhali kujumlisha kulichukua nusu pigo tu. Aliyeandika x + x akamshinda mjanja!

Sisemi tusijali muundo wa prosesa. Tuujali pale unapolipa, hasa kwenye kumbukumbu. Prosesa za Intel na AMD huleta data kwenye kashe kwa mafungu ya baiti 64. Katika C, ukilipitia jedwali kubwa la namba za baiti 4 mstari kwa mstari, kila fungu linakupa namba 16. Ukilipitia kwenda chini, safu kwa safu, unatumia moja, na zile 15 huenda zikafukuzwa kabla hujazirudia. Hesabu ni ileile, muda ni tofauti kabisa.

Msimamo wangu ni huu: andika kodi inayosomeka, kisha pima kwenye mashine ya mtumiaji, si yako. Ukilazimika kufanya ujanja, andika kando yake ni wa prosesa gani na uliupima lini. Ujanja usio na tarehe ni deni analoachiwa mwenzako.

Anayebisha aje na vipimo.