Tusilipie Uimara Uliobandikwa kwa Gundi

Kila mwaka vijana wetu wanapokaribia kwenda vyuoni, ushauri ni uleule hapa Kigoma Ujiji, kuanzia Kasingirima hadi Mwanga: jikaze, ongeza hela, mnunulie MacBook, rahisi ni ghali. Mzazi anauza madumu ya mawese, mjomba aliyeko Dar es Salaam anachangia, mashine inafika ndani ya boksi jeupe, na ukoo mzima unaamini kwamba pesa iliyozidi imenunua miaka. Haikununua. Bei ya Apple inalipia uimara ambao masharti yake hayapo hapa Ujiji, na anayemhimiza mwanafunzi wa hapa alipe mara mbili au tatu kwa ajili ya uimara huo anamtia hasarani.

Tuanze na hesabu. Novemba 2020 Apple walitoa MacBook Air yenye chipu ya M1 kwa dola 999, ikiwa na memori ya gigabaiti 8. Aliyetaka gigabaiti 16 aliongeza dola 200. Dola 200 ni kama nusu milioni ya shilingi, yaani kima cha chini cha mshahara wa mwezi wa mtumishi wa umma wa Tanzania, kile kilichopandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025. Mshahara wa mwezi mzima kwa gigabaiti nane! Oktoba 2023 wakatoa MacBook Pro ya dola 1,599, nayo ikaanzia gigabaiti 8 zilezile. Ilibidi ifike Oktoba 2024 ndipo waanzie 16.

Nani ataniambia kwamba hiyo ni bei ya uimara? Gigabaiti haidumu zaidi kwa sababu imeuzwa na Apple. Wanaweza kutoza hivyo kwa kuwa memori imefungwa pamoja na chipu. Haichomolewi wala haiongezwi. Utainunua kwao siku ya kwanza, au hutaipata maisha yako yote.

Watetezi wataniletea tafiti, na tafiti zipo. Jarida la Consumer Reports la Marekani limekuwa likiziweka laptopu za Apple juu katika uchunguzi wake wa mashine zisizoharibika ovyo. Sibishi. Lakini wanaojibu maswali hayo ni wanachama wa jarida, Wamarekani wenye umeme uliotulia na duka la Apple mjini kwao. Afrika nzima haina duka hata moja la Apple lenyewe: si Cairo, si Johannesburg, si Nairobi, si Dar es Salaam. Na sisi tuko mwisho wa reli, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar. Uimara uliopimwa kule umepimwa pamoja na meza ya huduma iliyo nyuma yake. Ukiiondoa meza ile, kipimo chote kinabadilika.

Hata huko kwao, tazama kilichotokea. Mwaka 2015 walileta kibodi mpya nyembamba mno, na chembe moja ya vumbi ilitosha kuikwamisha herufi. Wateja walipiga kelele miaka mitatu kabla ya kampuni kutangaza, Juni 2018, kwamba itazitengeneza bure. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya kibodi hizo, bila kukiri kosa. Kabla yake kulikuwa na MacBook Pro za 2011 zilizokufa chipu ya picha, zikapata matengenezo ya bure Februari 2015. Baadaye zikaja za 2016 zilizokatika waya mwembamba wa kioo. Mmarekani aliibeba yake hadi dukani, akaiacha, akaifuata ikiwa nzima. Sasa ichukue kibodi ile isiyovumilia chembe ya vumbi, uilete Ujiji mwezi wa Agosti, barabara zikiwa kavu na bodaboda zinapita mlangoni. Ikikwama, haibadilishwi kibodi peke yake: imeungwa na ganda la juu, na betri imegandishwa kwenye ganda hilohilo. Unabadilisha vyote kwa pamoja, na vyote havipo Kigoma.

Laptopu za Ujiji haziuawi na uzee. Zinauawa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, chai iliyomwagika, vumbi, na kuanguka kutoka kwenye bodaboda. Mkoa huu uliishi kwa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli, na kila nyumba hapa inajua friji ngapi na televisheni ngapi zilikwenda na maji. Kwa hiyo swali la mnunuzi wa Ujiji halipaswi kuwa mashine hii itakaa muda gani bila kuharibika. Itaharibika. Aulize: ikiharibika, nani ataifungua, kwa kifaa gani, na kazi zangu zitapona?

Nenda Mwanga ukakae na fundi nusu saa. Mtu analeta ThinkPad ya mtumba iliyogoma kuwaka. Fundi anaigeuza, analegeza skrubu chache za kawaida, anapitisha kadi ya zamani ya simu ukingoni, kifuniko kinaachia. Anachomoa memori, anayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, anaipulizia, anairudisha mpaka ilie. Kwa brashi ya rangi anatoa vumbi lililoziba feni. Anabonyeza, inawaka. Ingekuwa mazabodi ndiyo imekufa, angechomoa diski akaipachika kwenye mashine nyingine, na ripoti ya chuo ingekuwa salama jioni ileile.

Fundi huyohuyo, kwa mikono ileile, mpe MacBook ya miaka hii iliyopigwa na umeme. Kwanza skrubu za pembe tano ambazo bisibisi yake haiingii. Akivuka hapo anakuta hakuna diski ya kuchomoa: hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi, na data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ya bodi hiyohiyo. Bodi ikifa moja kwa moja, picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya miaka miwili vinakufa nayo. Fundi hana ujinga wowote hapo. Mashine ilisanifiwa asiweze. Na kampuni ilipoanza mwaka 2022 kuuza vipuri na vitabu vya matengenezo kwa watu wa kawaida, ilianza na Marekani, ikafuata Ulaya.

Simtetei mshindani wa Apple, maana hakuna nembo takatifu. Dell, ambao ofisi nyingi zinawaamini, waliuza kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja. Lakini kapasita iliyovimba inaonekana kwa macho, na fundi redio aliweza kuing'oa na kuchomelea nyingine. Siku hizi hata ThinkPad X1 Carbon na Dell XPS 13 zinakuja na memori iliyochomelewa, na ubaya ni uleule. Ninachokisema ni kwamba ThinkPad za kazi za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook zinazofika kwetu zikiwa mtumba zimeshalipiwa uimara wake na ofisi za Ulaya. Sisi tunazipata zikiwa zimejaribiwa, vitabu vya matengenezo vya Lenovo na Dell viko wazi bure kwa yeyote, na vipuri vimejaa Kariakoo. Huo ndio uimara unaofika mwisho wa reli.

Na mji huu haustahili kudanganywa kuhusu uimara, maana ushahidi mkubwa wa jambo hili umekuwa ukielea mbele yetu kwa vizazi. Meli yetu, MV Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa ndani ya masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili siku moja ziweze kufufuliwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini. Injini zile za mvuke zilifanya kazi hadi miaka ya 1970 zilipowekwa za dizeli. Miaka kadhaa chini ya maji! Ingekuwa imefungwa kwa gundi na skrubu ambazo mtu wa Kigoma hana bisibisi yake, leo ingekuwa chuma cha kutu kwenye mdomo wa Malagarasi.

Nawapa watetezi jambo moja, na nawapa kwa dhati. MacBook Air ya M1 haina feni, haivuti vumbi, na kwa kipimo cha Apple betri yake inaonyesha video hadi saa 18. Mahali ambapo umeme unakatika, hilo ni jambo kubwa. Mwenye mshahara mnono, anayehifadhi nakala ya kazi zake kila siku na anayeweza kununua nyingine mwezi ujao, anunue kwa raha zake. Mimi namzungumzia binti wa Buzebazeba ambaye mashine yake ni moja kwa miaka yote ya chuo na ambaye intaneti yake ni bando la kupima. Betri ya saa 18 haimsaidii siku ambayo kazi zake zote zimefungiwa ndani ya bodi iliyokufa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kobalti nyingi ya dunia, ile inayoingia kwenye betri hizi, inachimbwa Kongo, nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa anga likiwa safi. Madini yanatoka ng'ambo hiyo, mengine kwa majembe na vifua vya watu, yanazunguka dunia, yanaturudia yakiwa yamebandikwa kwa gundi, na fundi wetu anakatazwa kuyagusa.

Wenzetu wameshagoma. Ufaransa tangu Januari 2021 inalazimisha laptopu ziuzwe zikiwa na alama, kati ya sifuri na 10, inayoonyesha urahisi wa kuzitengeneza, na alama hiyo mnunuzi anaiona dukani kabla hajatoa pesa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2024 kuzuia watengenezaji kufunga vipuri kwa programu ili fundi wa nje ashindwe. Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani wana nguvu ya kudai alama kama ile ya Ufaransa kwa kila laptopu inayoingia nchini. Waidai. Manispaa ya Kigoma Ujiji, shule na hospitali zetu, wanaponunua kompyuta kwa kodi zetu, waandike kwenye zabuni kwamba memori, diski na betri lazima vibadilishike, na mwenye mashine isiyofunguka asipewe hata shilingi ya umma.

Na wewe mzazi, kabla hujatuma pesa Kariakoo, pita kwanza kwa fundi wa Mwanga. Mtajie modeli unayoitaka. Muulize kama betri yake, diski yake na kibodi yake anaweza kuvibadilisha hapahapa, na kwa bei gani. Akikwambia diski haitoki, usiinunue, hata kama mtaa mzima utakucheka.