Utalii wa Nepal Uwakumbuke Wabeba Mizigo

Nepal huvutia wageni kwa Mlima Everest, wenye kimo cha mita 8,849, na mahekalu ya kale ya Kathmandu. Kwa maoni yangu, utalii huo haustahili sifa iwapo wanaoubeba mgongoni wanasahauliwa. Mwaka 1953 Edmund Hillary hakufika kileleni peke yake. Alikuwa na Tenzing Norgay. Aprili 2014 poromoko la barafu liliwaua Wanepali 16 waliokuwa wakipandisha mizigo ya wageni. Tetemeko la 2015 lilipobomoa mahekalu, mafundi wenyeji walishika patasi kuyajenga upya. Wapo wasemao kwamba ajira pekee yatosha. La hasha! Ujira wa haki na bima ya kutosha viwe sharti la kila safari. Mgeni njoo, mwenyeji apone.