Deni linapogeuka jinai Nyakabiga, wakili atafutwe siku ya kwanza

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, sehemu kubwa ya biashara ya jiji hilo ilihamia kwenye masoko ya mitaa kama Jabe na Ruvumera, na kwenye nyumba za watu. Nyakabiga, mtaa uliobanana karibu na Chuo Kikuu cha Burundi, ni moja ya sehemu hizo. Mtu wa Kigoma huacha dagaa, wa Kampala huacha vitenge, na malipo husubiri bidhaa ziuzwe. Mikataba ya maandishi ni michache. Watu huaminiana kwa kuwa wanafahamiana.

Uaminifu huo ukivunjika, anayedai huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kesi ya madai, ambayo huchelewa. Ya pili ni kwenda polisi na kusema ametapeliwa. Wengi huchagua ya pili, maana mtu aliye mahabusu hulipa haraka. Hivyo deni la mzigo hugeuka kuwa shtaka la utapeli au la kutumia vibaya mali ya kukabidhiwa, na mfanyabiashara aliyekuja kwa siku tatu hujikuta nyuma ya nondo.

Kosa kubwa hapo ni kungoja. Wageni wengi huona wakili ni mtu wa kutafutwa kesi ikifika mahakamani. Kwa Burundi, hapo huwa wamechelewa.

Siku saba, si saa 24

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki huvuka mpaka na mazoea ya kwao. Mkenya anajua kwamba Katiba yake inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtanzania naye amezoea muda huo huo. Uganda na Kongo ni saa 48. Sheria ya Burundi ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 2018 inaruhusu polisi kumshikilia mtuhumiwa hadi siku saba, na mwendesha mashtaka anaweza kuziongeza mara moja zikafika 14.

Katika siku hizo ndipo faili huandikwa. Burundi inafuata mfumo wa sheria uliotokana na Ubelgiji, ambamo maandishi ya afisa wa upelelezi, anayejulikana kama OPJ, yana uzito mkubwa. Maelezo yako huandikwa kwenye karatasi inayoitwa PV, nawe hutakiwa kutia saini. Mtaani Kiswahili kinasikika kila kona, lakini PV huandikwa kwa Kirundi au Kifaransa. Anayetia saini asichokielewa anaweza kuwa amekiri kosa wakati alidhani ameeleza deni.

Sheria hiyo hiyo inampa mtuhumiwa haki ya kusaidiwa na wakili tangu hatua ya polisi, na ya kunyamaza wakili wake asipokuwepo. Ni haki isiyo na faida kwa mtu ambaye hana wakili wa kumwita.

Baada ya polisi, jalada huenda kwa mwendesha mashtaka, ambaye Warundi humwita parke. Ukipelekwa rumande, huenda ukaishia Mpimba, gereza kuu la Bujumbura, lililojengwa kwa watu wapatao 800 na ambalo kwa miaka limebeba idadi hiyo mara kadhaa. Novemba 2024 serikali ilianza kuwaachia wafungwa zaidi ya 5,000 kwa msamaha wa rais, wakati magereza ya nchi yalikuwa na watu zaidi ya 13,000 katika nafasi za elfu nne na ushei.

Sheria inasema uhuru ndiyo kanuni na rumande ni jambo la pekee. Lakini moja ya sababu zinazokubalika za kumweka mtu rumande ni hofu kwamba hatapatikana akihitajika. Mgeni asiye na anwani Bujumbura yuko hatarini zaidi kuliko mwenyeji. Wakili mzuri huanza na hilo: huonyesha anwani, mdhamini, na mzigo unaomrudisha mteja wake mjini kila mwezi.

Mtaa mdogo, masikio mengi

Nyakabiga kila mtu anamjua mwenzake. Anayekushtaki huenda anasali na ndugu wa polisi, na mwenye nyumba uliyopanga huenda ni shemeji yake. Tena mtaa huu ulikuwa kati ya ile iliyoumizwa zaidi na machafuko ya mwaka 2015. Jirani anayesita kuonekana akimtetea aliyekamatwa si lazima awe mtu mbaya; huenda ana kumbukumbu tu.

Ushauri wa kwanza utakaoupata ni huu: "Usilete wakili, utaonekana una hatia. Nenda kwa wazee, omba msamaha, yaishe." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Mila ya Abashingantahe ya kupatanisha watu ni ya zamani Burundi, na sheria ya mwaka 2021 iliunda mabaraza ya wazee wa vilima na mitaa. Deni linaweza kumalizika hapo, na malipo yakilainisha moyo wa mlalamikaji, hata hali ya mshtakiwa hubadilika.

Ila wazee hawana uwezo wa kufuta shtaka la jinai ambalo limeshafika kwa parke. Tena "samahani" uliyoisema barazani kwa heshima inaweza kusimuliwa kesho yake kama ungamo. Nenda kwa wazee, lakini uende baada ya kuzungumza na wakili, na mapatano yaandikwe kwamba ni ya deni, na kwamba hukukiri kosa lolote.

Wakili yupi?

Kwanza, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya chama cha mawakili, ambacho huko huitwa Barreau. Wapo madalali wanaozunguka vituo vya polisi wakijiita watu wa sheria.

Pili, muulize waziwazi kama amewahi kumtetea anayekushtaki, au kama wana undugu au biashara pamoja. Katika mtaa mdogo swali hili si utovu wa adabu. Mara nyingi ni salama kumchukua wakili wa upande mwingine wa jiji, mradi azoee mahakama na ofisi ya mwendesha mashtaka ya Mukaza, ambako kesi za Nyakabiga huenda.

Tatu, malipo yaandikwe na risiti itolewe. Anayedai fungu la "kumwona jaji" mkimbie. Rais Évariste Ndayishimiye mwenyewe amewalaumu majaji hadharani kwa rushwa zaidi ya mara moja. Kumpa jaji fedha ni kosa jipya juu ya lile la kwanza.

Wakili wa nyumbani

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walishatiliana saini za kutambuana taaluma. Mawakili bado. Usitegemee wakili wako wa Nairobi au Mwanza asimame Mukaza kukutetea.

Hata hivyo ana kazi. Anaweza kukusanya vielelezo: risiti, ujumbe wa malipo ya simu, nyaraka za forodha, na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Karatasi hizo ndizo zinazoonyesha kwamba kulikuwa na biashara halali iliyokwama. Ubalozi wa nchi yako nao uarifiwe mapema. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha haitakutoa mahabusu. Hiyo si mahakama ya rufaa ya kesi za jinai.

Kinachokosekana ni kitu kidogo. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina uwezo wa kuchangishana na kuwa na wakili mmoja anayejulikana Bujumbura, mwenye simu inayopokelewa usiku. Ofisi za mpakani kule Kobero na Mugina zingeweza kubandika orodha ya mawakili ukutani, kando ya bei za ushuru. Hadi hapo, kila anayevuka aandike namba ya wakili mfukoni kabla ya kupakia mzigo, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza mtu anapokamatwa.