Mkanada, Mkataba na Mkalimani: Ukurasa Uliosahauliwa wa Historia ya Kajiado

Aghalabu jina la Kanada linapotajwa mjini Kitengela, huambatana na viza, karo ya chuo na jamaa aliyekwenda kutafuta riziki ughaibuni. Ni nadra kumpata mkazi, au hata mwanafunzi wa chuo kikuu, anayefahamu kwamba Kanada ilifika Kajiado kabla ya Wanakajiado kufika Kanada. Ilifika kwa umbo la mtu mmoja: Sir Percy Girouard, mzaliwa wa Montreal mwaka 1867, ambaye alikuwa Gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki kuanzia 1909 hadi 1912.

Girouard alikuwa mhandisi wa reli. Alisomea Chuo cha Kijeshi cha Kingston, Ontario, akafanya kazi miaka miwili katika reli ya Canadian Pacific, kisha akajenga ile reli ya jangwani iliyowawezesha Waingereza kuiteka Sudan. Baba yake, Désiré Girouard, alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Kanada. Jambo hili lisisahauliwe, maana lina nafasi yake baadaye.

Ili kuielewa kazi ya gavana huyu, sharti kurudi nyuma kidogo. Mnamo Agosti 1904 Wamaasai walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika rizavu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa njia ya kuziunganisha rizavu hizo, na maili 5 za mraba karibu na Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za tohara. Waliahidiwa pia kwamba mapatano yangedumu muda wote ambao taifa la Wamaasai lingekuwapo duniani. Yalidumu miaka 7.

Chini ya Girouard, mkataba wa pili ulitiwa saini Aprili 1911, wiki chache baada ya kifo cha Oloiboni Olonana. Wamaasai wa kaskazini walitakiwa kuiacha Laikipia na kuhamia rizavu ya kusini iliyopanuliwa, ambayo baadaye ilikuja kuwa wilaya za Narok na Kajiado. Uhamisho wa kwanza ulikwama katika mvua na baridi ya Mau, ukasitishwa, ukarudiwa 1912 na kukamilika 1913. Gavana mwenyewe hakuuona mwisho wake. London ilipogundua kwamba walowezi walikuwa wameahidiwa mashamba ya Laikipia kabla ya idhini kutolewa, naye alikuwa amekana, alijiuzulu mwaka 1912.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na kwa wanafunzi wa lugha hii pengine hii ndiyo sehemu inayopaswa kuwakosesha usingizi. Mkataba wa 1904 haukufasiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza hadi Kimaa. Ulipitia Kiswahili kwanza: afisa wa serikali alifasiri Kiingereza kwa Kiswahili, kisha wakalimani wakafasiri Kiswahili kwa Kimaa, na mmojawapo alitia saini yake kwa hati za Kiarabu. Yaani wazee wa Kimaasai waliyaelewa masharti ya ardhi yao kwa kadiri ambavyo Kiswahili cha siku ile kiliweza kuyabeba. Wataalamu wa tafsiri katika vyuo vya Afrika Mashariki wameandika mengi kuhusu tafsiri za Biblia na za tamthilia za Shakespeare. Tafsiri hii, ambayo bei yake ilikuwa nchi nzima, haijashughulikiwa kwa uzito unaostahili.

Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake, akiwamo kiongozi mashuhuri Ole Gilisho, walipeleka serikali mahakamani. Kesi yote iliegemea neno moja. Mahakama iliamua kwamba yale ya 1904 na 1911 hayakuwa mapatano ya kawaida baina ya mtu na mtu, bali mkataba baina ya dola na dola. Kwamba katika himaya Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme, na kwa hiyo mahakama ya Mfalme haikuwa na uwezo wa kuwasikiliza. Rufaa yao ilikataliwa mwaka huohuo. Yaani walitambuliwa kuwa dola kamili ili wapoteze! Kiswahili huyaita mapatano ya aina zote mbili "mkataba". Mwanafunzi atakayejaribu kuifasiri hukumu hiyo atagundua haraka kwamba istilahi si mchezo wa kamusi.

Kanada nayo ilikuwa na mikataba ya aina hiyo. Kati ya 1871 na 1921 serikali ilitia saini mikataba 11 yenye nambari na wenyeji wa nchi hiyo. Hata hivyo, mwaka 1973 Mahakama ya Juu, ileile aliyowahi kuketi Désiré Girouard, ilisikiliza kesi ya Wanisga'a, na majaji 6 kati ya 7 wakakubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi ilikuwapo kisheria. Wanisga'a hawakushinda siku hiyo, lakini mlango ulifunguka, na Katiba ya 1982 ikazitambua haki za mikataba. Kanada isisifiwe kupita kiasi: wenyeji wake wangali wanadai mengi. Ila madai yao yana maandishi ya kushikilia.

Tofauti hiyo ilionekana Agosti 2004, Wamaasai walipoandamana kuidai Laikipia. Wengi walisema kwamba ukodishaji wa miaka 99 ulikuwa umekwisha. Mkataba wa 1904 hauna miaka 99 popote. Una ahadi nzito zaidi ya hiyo, lakini imefungiwa katika Kiingereza cha kisheria, na watafiti walioichambua, kama Lotte Hughes katika kitabu chake cha 2006, wameandika kwa Kiingereza.

Wakati huohuo Kitengela, ukingoni mwa iliyokuwa rizavu ya kusini, imegawanywa vipande. Ranchi ya pamoja iliyoanzishwa chini ya sheria ya 1968 ilikatwa mashamba ya watu binafsi katika miaka ya 1980, na mashamba hayo yakakatwa ploti. Wanunuzi hutoka kila pembe ya Kenya, na lugha ya kupatana bei mara nyingi ni Kiswahili. Hati inayotiwa saini baadaye ni ya Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Idara yoyote ya Kiswahili itakayotaka kuuonyesha urasmi huo ingeweza kuanza na mkataba wa 1904, ambao ni kurasa chache tu.