Kabla Hujauza Fahali Kununua Kompyuta ya Gari

Yamkini umewahi kupigiwa simu ya aina hii. Ni jioni, umeketi na jamaa yako mkingoja chakula, kisha mtu wa nyumbani anakwambia: "Mwanangu, gari limekufa. Fundi anasema ni kompyuta. Wewe uliyesoma, hicho kitu huuzwa wapi?"

Mimi niliipokea kutoka kwa mjomba wangu aliyeko Nuu, huko Kitui. Gari lake ni Toyota ya mtumba kutoka Japani, ya klachi, pana kwa nyuma. Msimu wa ndengu hupakia magunia kwenda Mwingi, na usiku wa dharura ndilo hubeba mgonjwa wa jirani kumpeleka hospitali. Gari hilo likilala, si mjomba peke yake anayelala.

Maradhi yake yalikuwa haya. Asubuhi liliwaka vyema. Likifika kwenye barabara yenye matuta madogo madogo, lilianza kushtuka kama punda aliyeona nyoka, taa ya injini ikawaka, kisha likazima. Likipumzishwa kidogo, liliwaka tena. Usiku mambo yalizidi, maana kila alipowasha taa kubwa injini ilitetemeka. Fundi wa gereji moja alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, nayo ikamtolea hitilafu sita kwa mpigo. Akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, kompyuta imekwisha."

Mjomba akauza fahali. Mimi nami nikaongezea kwa M-Pesa, na nakiri kuwa sikuuliza swali hata moja.

Huenda wewe pia hujui kitu hicho ni nini. Zamani, katika zile Peugeot 504 zilizobeba abiria wa Ukambani, petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta, na fundi mwenye bisibisi na sikio zuri aliweza kuirekebisha kando ya barabara. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, ambacho mafundi wengi hukiita kontroli boksi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo unaosimamia petroli na cheche kwa pamoja mwaka 1979, katika gari la BMW 732i. Leo ni vigumu kupata mtumba usio nacho, kwa kuwa kanuni ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Kisanduku hicho hupata habari kutoka kwa vihisio, ambavyo mafundi huviita sensa. Kimoja hupima joto la maji, kingine hewa inayoingia, kingine mzunguko wa injini. Kisanduku huvipelekea vingi kati ya hivyo umeme wa volti 5, kisha husoma kiasi kinachorudi. Kwa hesabu hiyo huamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi zipige cheche lini. Sasa zingatia jambo hili: volti 5 ni kidogo sana. Waya ukilegea mahali, hesabu yote huharibika, na kisanduku kitaonekana kama kimerukwa na akili ilhali kinadanganywa tu.

Turudi Nuu. Boksi la mtumba lilinunuliwa jijini, likasafirishwa kwa basi, likafungwa. Gari likawaka, mjomba akachinja kuku. Siku ya pili likazima palepale lilipokuwa likizima, na sasa taa ya injini haikuzimika kabisa.

Aliyelitibu ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari kule Mwingi, mtu asiye na maneno mengi. Hakugusa kompyuta kwanza. Aliuliza swali moja: "Gari hili lilifunguliwa nini mara ya mwisho?" Mjomba akakumbuka kwamba wiki chache kabla ya maradhi kuanza alibadilishiwa klachi. Mzee akatoa kipima umeme chake, akaweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaamuru gari liwashwe pamoja na taa kubwa. Hapo panapaswa kusomeka karibu na sufuri. Hata ikizidi sehemu moja ya kumi ya volti ni ishara mbaya. Palisomeka zaidi ya volti nzima.

Tatizo lilikuwa waya wa athi. (Si ule mto, msomaji, ni ule waya unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi na betri.) Aliyebadilisha klachi aliurudisha juu ya kutu na hakukaza bolti. Mzee alikwangua kutu kwa msasa, akakaza, akarudisha kompyuta ya zamani, na gari likanyamaa. Alilipwa fedha ambazo mtu angeweza kununulia mbuzi, tena si mbuzi mkubwa.

Hitilafu sita kwa wakati mmoja zingelimzindua fundi wa kwanza. Ni nadra sensa sita kufa siku moja. Zikilia zote pamoja, tazama kile zinachoshiriki: betri, fyuzi, waya wa athi, soketi ya kompyuta yenyewe. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na injini ikinguruma alteneta huipandisha hadi baina ya 13.5 na 14.5 au zaidi kidogo. Vipimo hivyo huchukua dakika chache, na kipima umeme ni bei nafuu kuliko kiatu cha shule.

Sisemi kwamba kompyuta haifi. Hufa, tena mara nyingi kwa mikono yetu wenyewe. Kuna anayechomelea bodi kwa umeme bila kufungua betri. Kuna anayeazimwa umeme wa gari jingine akageuza nyaya, chanya kwa hasi. Kuna anayevuka mto wa msimu maji yakiingia hadi chini ya kiti cha mbele, na katika magari mengine boksi hukaa karibu na hapo. Magari ya miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na ugonjwa wao pia: vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya boksi huvuja maji makali yanayokula ubao. Fundi wa redio mwenye mkono mwepesi aweza kuvibadilisha kwa fedha kidogo, iwapo ubao haujaliwa sana.

Vilevile yapo maafa yanayoweza kukuua mara mbili. Koili au nozeli ikiungua ndani, huweza kuvuta umeme mwingi na kuichoma sehemu ya kompyuta inayoiendesha. Ukifunga kompyuta mpya bila kubadilisha koili hiyo, nayo itaungua. Kwa hivyo fundi akikwambia boksi limekufa, muulize limeuawa na nini. Asiye na jibu, usimpe fedha.

Na ikithibitika kwamba limekufa, usiende Kirinyaga Road kuuliza "kompyuta ya Toyota". Toa lile la zamani, ubebe. Lina kibandiko chenye nambari. Ya Toyota aghalabu huanza na 89661, kisha alama nyingine tano. Zote zilingane. Gari la mjomba ni la klachi, na boksi aliloletewa lilitoka kwenye otomatiki, injini ileile, soketi ileile, lakini likitafuta giaboksi ambayo haipo. Ndiyo maana taa haikuzimika. Kama ufunguo wako una chipu, kuna jambo la ziada: kompyuta ngeni haiutambui, na gari litakataa kuwaka hadi mtaalamu alinganishe viwili hivyo au ahamishe kumbukumbu ya boksi la zamani hadi kwenye jipya. Patana naye bei hiyo kabla ya kununua, na umwombe muuzaji akuandikie risiti inayokuruhusu kurudisha. Betri ifunguliwe kabla boksi halijachomolewa, si baada.

Mjomba hakuwa na risiti. Alipompigia muuzaji aliambiwa kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi. Kisanduku hicho sasa kiko juu ya kabati sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na wajukuu wakiulizwa na wageni ni nini hujibu pasipo kucheka kwamba yule ni fahali wa babu.