STIMA YA NYUMBANI, KAZI YA TAJIRI: NANI ALIPE?



Pikipiki za stima zimefika miji yetu ya chini ya Mlima Kenya. Matajiri wadogo wenye maduka ya mikate, ya dawa za mifugo na ya vipuri wanazitaka kwa kupelekea mizigo, kwa kuwa petroli ni ghali. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Twauliza neno moja tu: pikipiki ya tajiri ikilala kwa mfanya kazi, ikachajiwa kwenye soketi ya nyumba yake, stima hiyo yalipwa na nani?

Petroli hununuliwa kituoni, risiti hutolewa, karani huitia katika faili. Stima ya nyumbani haina risiti yake peke yake. Imechanganyika na taa, redio na pasi. Tajiri haioni, na asichokiona hakilipi.

Na tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila usiku pikipiki yala yuniti 3 na nusu, pamoja na zile zinazopotea kwa joto la chaja. Kwa siku 26 za kazi ni yuniti 91. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 25 kwa mwezi sasa yatumia 116.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ilipanga bei ya stima ya nyumbani katika mafungu matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaopita 100. Kila fungu bei yake yapanda kuliko lililotangulia, na mteja hutiwa katika fungu kwa wastani wa miezi 3. Basi mwezi wa kwanza wa kuchaji, wastani wa nyumba yetu ya mfano wafika 55. Mwezi wa pili wafika 86 hivi. Mwezi wa tatu ni 116. Nyumba ya fungu la chini imepandishwa hadi fungu la juu, na hata taa ya watoto wanaosoma usiku yalipiwa kwa bei hiyo ya juu.

Tuseme zamani shilingi 440 zilileta yuniti 20, yaani shilingi 22 kwa yuniti moja, na sasa yuniti 20 ni shilingi 600, yaani 30 kwa moja. Yuniti 91 za pikipiki ni shilingi 2,730. Yuniti 25 za nyumbani zimeongezeka shilingi 8 kila moja, yaani shilingi 200. Jumla ni 2,930. Anayelipwa zile 2,730 peke yake bado amepunjwa. Na akiacha kazi leo, wastani wa miezi iliyopita wamfuata. Itachukua miezi mitatu nyumba irudi fungu lake la kwanza.

Wako ndugu wanaokaa katika ploti, wapangaji wengi kwa mita moja. Huko pikipiki moja yaweza kupandisha bei ya jirani asiyeijua hata rangi yake. Ugomvi wa namna hiyo hauna haki hata kidogo.

Matajiri husema, "Tutakupa kiasi kimoja kila mwezi, yaishe." Kiasi hicho kimepimwa kwa njia ipi? Anayepanda na kushuka mabonde ya Othaya na mzigo wa unga hatumii stima sawa na anayezunguka mjini Nanyuki. Na asubuhi za baridi za mwezi wa Julai betri hutoa nguvu kidogo kuliko siku za jua.

Wengine husema kazi na nyumba haziwezi kutenganishwa. Zaweza. Mita ndogo, kama zile wenye nyumba wanazowawekea wapangaji, hutiwa kati ya soketi na chaja, nayo huhesabu stima ya pikipiki peke yake. Hiyo bei maalumu ya vyombo vya stima iliyoidhinishwa mwaka 2023, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo, ni fungu la mbali. Mita ya nyumba haimo. Basi tajiri asiitumie kumpimia mfanya kazi anayenunua tokeni za nyumbani.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Tajiri anunue mita ndogo, nayo iwe mali yake.
2. Tarakimu za mita ziandikwe kila Jumamosi, na pande zote mbili zitie sahihi.
3. Bei ya yuniti ipatikane kwa kugawanya fedha zote zilizolipwa kwa yuniti zilizopatikana katika tokeni, ili kodi na tozo zisisahauliwe.
4. Ongezeko la bei ya nyumba lilipwe pia, pamoja na ile miezi mitatu baada ya kuacha kazi.
5. Fedha hizi zilipwe mbali na mshahara. Ni kurudishiwa gharama, si nyongeza.

Daftari hili lamfaa tajiri vile vile. Bila hilo hajui kama pikipiki yake yaleta faida, wala hana cha kumwonyesha mtu wa kodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mali inayopotea kwanza ni ya mfanya kazi.

Ndugu, kila achajiye nyumbani aanze kuandika mwezi huu, na ahifadhi kila ujumbe wa tokeni. Leteni madaftari yenu katika mkutano wa tawi. Mmoja akisema ataambiwa analalamika. Ishirini wakileta hesabu moja, itabidi wasikilizwe.

Umoja ni nguvu.